Santuri Mbili na Mshenga Mmoja

Baba yangu alikataa kujibu posa yangu mpaka kwanza asikilize santuri mbili, moja ya zamani na moja mpya, wimbo kwa wimbo. Msidhani natania. Sahani za posa zililetwa nyumbani kwetu Nkana West, hapa Kitwe, Jumamosi iliyotangulia, mbili zimefunikana, ndani yake shanga nyeupe juu ya kitambaa, kama inavyotakiwa. Kwa kawaida wazee hunong'onezana kidogo, wakiridhika huziingiza sahani chumbani, wasiporidhika humrudishia mshenga aliyezileta. Baba hakuziingiza wala hakuzirudisha. Aliziweka juu ya kabati la vyombo na kumwambia mshenga, "Huyo kijana wenu ndiye aliyekabidhiwa muziki wangu. Nikisikia alichoufanyia, nitajua atakachomfanyia binti yangu."

Binti mwenyewe ni mimi. Naitwa Katongo, nina miaka thelathini na miwili, napima sampuli za mawe katika maabara ya mgodi, na wiki ile nzima vitu vilikuwa vikinivunjikia mkononi. Wazazi wangu walinipata baada ya kungoja miaka saba, wala hawakupata mwingine. Ndiyo maana mtaa mzima humwita baba Bashi Katongo na mama Bana Katongo, yaani baba wa Katongo na mama wa Katongo, kana kwamba kabla yangu hawakuwa na majina.

Lakini walikuwa nayo. Mwaka wa sabini na tano baba alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki iliyoitwa Bena Mulilo, yaani watu wa moto, nywele zake zikiwa pana kuliko mabega. Walirekodi santuri moja tu, Imfula, maana yake mvua. Zikauzwa nakala chache, bendi ikavunjika, baba akashuka mgodini kama wenzake. Miaka arobaini baadaye Wajerumani fulani wakaanza kuitafuta santuri ile kama watu waliopoteza mtoto. Walitaka kuitoa tena, na pamoja nayo toleo jipya lililochanganywa upya kutoka kwenye mkanda wa studio, ambamo kila chombo kimelala kwenye njia yake. Mkanda ulikuwa kabatini kwa baba, chini ya mablanketi. Kazi ya kuuchanganya akapewa Thokozani Jere, fundi sauti mwenye studio ndogo pale Parklands.

Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea. Aliufungua, akaunusa, akanitazama kwa macho yale ya upole ambayo baadaye yalinikosesha raha, akasema, "Dada, huu umeota ulimbo. Nikiupiga hivi utachanika. Unahitaji kuokwa."

"Kuokwa? Kama mkate?"

"Kama mkate, ila kwa moto mdogo. Nyuzi hamsini na kitu, saa nane bila kuyumba. Oveni yangu ya jikoni haina adabu hiyo."

Oveni yenye adabu hiyo niliijua. Ipo maabara, tunakaushia sampuli. Nikaomba ruhusa kwa mkubwa wangu, na Jumapili moja tukakaa mimi na Thoko mbele ya oveni kuanzia asubuhi mpaka jioni, tukichungulia kioo kila robo saa. Tulikula karanga za kuchemsha. Tuliongea mpaka karanga zikaisha na maneno hayakuisha. Mkanda ulipotoka ulikuwa mzima, na mimi nilikuwa nimeshapenda.

Kosa letu lilikuwa moja: tulituma mshenga kabla ya kumaliza santuri. Thoko alikuwa na haraka, nami sikumzuia, nani angemzuia? Kabla ya hapo baba na Thoko waliongea kila siku, fundi na mwenye kazi, wakibishana kwenye simu mpaka salio linaisha. Posa ilipofika, midomo ikafungwa. Kwetu mwanamume aliyeposa hakai na wakwe wala haongei nao mpaka siku atakayoonyeshwa rasmi chakula cha nyumba hiyo, na mama mkwe ndiyo kabisa, hata kumtazama usoni ni utovu wa adabu. Kwa hiyo katikati ya kazi Thoko akajikuta hawezi tena kumuuliza baba swali hata moja.

Basi Jumamosi ya kusikiliza, saa nane mchana, mambo yalikaa hivi. Baba alikuwa sebuleni, mbele ya gramafoni yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama alikuwa jikoni, akikoroga chikanda, kile chakula cha mizizi na unga wa karanga. Thoko alikuwa barazani, kwenye kigoda chini ya dirisha la sebule, pazia likimtenga na baba hatua tatu tu. Na mlangoni, katikati ya dunia hizo mbili, alikaa mshenga wetu, Mzee Nkhoma, dereva mstaafu wa treni ya mgodi na mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa, mtu aliyeamini kwamba gitaa la umeme ni njia ya mkato ya kwenda jehanamu.

Baba aliweka santuri ya zamani. Wimbo wa kwanza ukanguruma kama lori kwenye kilima, besi zito, gitaa lenye mkwaruzo, kila kitu kimebanana. Nimelelewa na sauti ile. Kisha akaiondoa, akafuta sindano kwa kidole, akaweka ile mpya iliyoletwa kwa majaribio.

Sijui niwaelezeje. Ilikuwa nyumba ileile, ila madirisha yamefunguliwa. Ngoma zilisimama nyuma, kinanda kikakaa pembeni, na gitaa la baba likaja mbele likiwa na makucha yake yote. Nilimtazama baba usoni. Kidole chake kiligonga goti mpaka wimbo ukaisha.

"Mwambie," akamwambia mshenga, bila kugeukia dirishani, "ngoma zimekuwa safi mno. Hizi ni ngoma za hospitali."

Mzee Nkhoma akainuka, akafungua mlango, akatoka, akasimama mbele ya Thoko. "Anasema ngoma zako ni za hospitali."

"Nimesikia, mzee."

"Hujasikia. Unasikia nikikuambia mimi."

"Samahani, mzee. Mwambie ndivyo mpigaji alivyopiga. Kwenye ile ya zamani besi limemkalia kifuani."

Mzee Nkhoma akarudi ndani, akakohoa. "Anasema besi limekaa kifuani."

"Kifua cha nani?"

"Mimi sijui, Bashi Katongo. Huu muziki wenu hauna mwanzo wala mwisho."

Baba akacheka kwanza, halafu akajaribu kuuficha mcheko. "Mwambie besi lilipandishwa kwa sababu mpiga besi ndiye aliyekuwa na gari. Tungemshusha sauti, tungerudi Kitwe kwa miguu."

Nikasikia Thoko akicheka nje ya pazia, kicheko kile cha kupitia puani ninachokipenda, nikajikuta nami natabasamu peke yangu kama mjinga. Mama akaniita jikoni nimshikie sufuria. Aliniangalia akasema polepole, "Jikaze, mwanangu. Meno yote yako nje na posa haijajibiwa."

Wakaendelea. Wimbo wa pili ukapita bila ugomvi. Kwenye wa tatu, ile mpya ilipofika katikati, baba akaruka kitini.

"Hapana! Mbona ametupunguza mwendo? Tulikuwa moto sisi! Ametuzeesha huyu!"

Mshenga akatoka. Mshenga akarudi. Safari hii alikuwa na karatasi, maana maneno yalikuwa mengi. "Anasema hajapunguza kitu. Anasema mkanda ndio mwendo wenu wenyewe. Anasema waliochapa santuri ya zamani waliiharakisha kidogo ili nyimbo zienee kwenye upande mmoja wa santuri. Amepima."

Baba akaitazama mikono yake, hii ya mgodini, yenye kidole kimoja kisichonyooka.

"Kwa hiyo ile haraka," akasema, "haikuwa yangu?"

"Mimi nimesema nilichotumwa," akajibu Mzee Nkhoma.

"Katongo, unajua miaka mingapi nimejaribu kupiga wimbo huu kwa mwendo wa santuri nikashindwa? Nilijua vidole vimekufa. Niliuza gitaa kwa sababu hiyo." Akafuta jicho kwa mkono wa shati, bila kujificha. "Mwambie asante. Usimwambie nalia."

Mzee Nkhoma akatoka. "Anasema asante. Analia."

Baada ya hapo baba alilainika, na kulainika kwake ni balaa, maana huanza utani. Sisi ni Wabemba na kina Jere ni Wangoni, watani wa tangu enzi za vita. Sisi tunawaita walaji wa panya, wao wanatuita walaji wa nyani, na hata msibani hatuheshimiani. Baba aliona hapo mlango wa nyuma. Kama mkwe haruhusiwi kuongea naye, mtani hakuna wa kumkataza.

"Mimi mkwe simwoni," akasema kwa sauti kubwa akilielekea kabati, "ila nanusa Mngoni. Panya wote wa mtaa wamehama."

Barazani Thoko akajibu, akiusemesha mti wa mapera uliokuwa mbele yake: "Wamehamia kwa Wabemba. Huko wana amani, wenyeji wanakimbizana na nyani."

"Nyani ana nyama! Panya unamla na mkia!"

"Afadhali mkia wa panya kuliko kula kitu kinachofanana na mjomba wako!"

"Bashi Katongo!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Kuna posa humu ndani!"

Mzee Nkhoma alikuwa amekunja mikono kifuani, amenuna. "Kama mnaongea wenyewe," akasema, "mimi nichukue kofia yangu." Ikabidi abembelezwe kwa kikombe cha munkoyo, akanywa chote, akabaki.

Nawaambia kweli, saa ile nilikuwa na furaha. Nilikaa kwenye mkono wa kochi nikiwaza: zimebaki nyimbo nne tu, sahani zitaingia, nitaolewa na mtu anayemchekesha baba yangu kupitia pazia. Asubuhi ile Thoko alikuwa ameniambia kwa simu, "Upande wa pili kuna zawadi ya mzee. Njia ya saba kwenye mkanda haina jina. Nyingine zote zimeandikwa, ngoma, besi, gitaa, kinanda. Ya saba imeachwa wazi, imezimwa kabisa. Nimeiwasha. Subiri usikie."

Tukafika hapo. Ulikuwa ule wimbo wa polepole uliobeba jina la santuri, wimbo wa mvua. Kwenye ile ya zamani baba anaimba peke yake, na nyuma yake kuna kitu kama upepo unaopita chini ya mlango, ambacho siku zote nilidhani ni kinanda. Baba akaubadilisha, akaweka mpya.

Kwanza ilikuja sauti yake, ya kijana, imekauka kidogo. Halafu akatokea mwanamke. Hakuwa upepo tena. Aliingia kwenye neno la pili, juu ya baba, sauti nyembamba yenye mkunjo mwishoni, akimfuata, akimpita, akimngoja. Ilikuwa sauti ya mtu asiyeogopa kitu.

Baba alinyanyua sindano kwa pupa hadi ikakwaruza.

Jikoni, mwiko uliacha kukoroga.

"Mshenga," baba akanong'ona. "Njoo. Karibu zaidi." Akamshika Mzee Nkhoma mkono, akamwambia sikioni, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia kila neno. "Nenda kamwambie hivi. Sauti hiyo airudishe ilipokuwa. Aizime. Akikubali, sahani zinaingia chumbani leo hii, kabla jua halijazama. Akikataa, azichukue aende nazo."

"Baba!" nikasema. "Kwa nini? Ni nzuri!"

"Nyamaza, Katongo. Tafadhali, mama."

Huniita "mama" anapobembeleza. Nikamfuata mshenga barazani.

Thoko alisikiliza ujumbe akiwa amesimama, kofia mkononi. Akanitazama. "Ni nani yule, Kato?"

"Sijui." Na wakati huohuo nikajua. Nilikuwa nimeusikia mkunjo ule maisha yangu yote, mtu akifua, mtu akipepeta mchele. "Ee Mungu wangu. Ni mama."

Aliketi tena kwenye kigoda, kwa uzito. "Mama yako?"

"Mama."

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nimevaa visikizi, namsikiliza mama mkwe wangu anavyovuta pumzi. Nimemrudia mara mia. Nimemwondolea kikohozi!" Akafunika uso kwa kofia. "Sipaswi hata kumtazama usoni, na mimi nimempandisha sauti Ujerumani nzima imsikie."

Wakati mwingine ningecheka hadi nianguke. Lakini Mzee Nkhoma alikuwa amesimama hapo, akisubiri jibu, na jibu lilikuwa rahisi mno. Kuzima njia ya saba ni kazi ya kidole kimoja. Nakiri mbele yenu: moyo wangu ulisema, zima, Thoko, zima haraka, tuoane. Niliuma mdomo nisilitamke. Nilimpenda kiasi hicho, na niliogopa kiasi hicho.

Aliteremsha kofia. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetaka kuikariri sura, na machozi yalinilenga kabla hajafungua kinywa.

"Mzee," akamwambia mshenga, "mwambie baba hivi, neno kwa neno. Nampenda Katongo. Tangu siku ile ya oveni sijalala vizuri kwa kumpenda. Lakini gitaa ni la baba, nikiambiwa nishushe gitaa nashusha. Sauti ile si ya baba. Mwenyewe yuko hai, yuko ndani ya nyumba hiyohiyo. Aulizwe yeye. Akisema zima, nazima sasa hivi. Asiposema, siizimi, hata nikirudishiwa sahani."

"Thoko," nikasema.

"Unanichukia?"

"Nakupenda, mjinga wewe. Ndiyo maana nalia."

Mzee Nkhoma alitutazama sote wawili. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu saa nane, ukafunguka kidogo. "Hilo nitalipeleka," akasema, "na nitalipeleka kwa sauti."

Haikuhitajika. Tulipoingia, mama alikuwa tayari amesimama sebuleni, mikono yake ina unga wa karanga mpaka kwenye viwiko. Dirisha la jikoni linatazama barazani, na mama yangu hana tatizo la masikio.

"Weka wimbo," akamwambia baba.

"Bana Katongo, hebu kaa kwanza..."

"Weka. Anza na wa zamani."

Baba akauweka. Mama alisimama akisikiliza upepo ule wa chini ya mlango, sauti yake iliyovujia kwenye maikrofoni ya baba, mpaka mwisho. Kisha akaashiria kwa kidevu, na baba akaweka mpya. Sauti yake ya miaka kumi na tisa ikatoka ikajaza chumba. Mama hakulia, mimi ndiye niliyelia. Yeye aliinua kichwa tu, shingo ikanyooka, na kwa mara ya kwanza nikamwona msichana aliyekuwepo kabla yangu.

Wimbo ulipoisha akasema, "Uliniambia mkanda ulinila."

"Ndiyo."

"Nilidanganya nyumbani kwamba nakwenda Lusaka kwenye mtihani wa cherehani. Nikaimba siku nzima, koo likawasha wiki. Halafu ukaniambia mashine imeharibu njia yangu, pole, haikushika. Nikakupa pole wewe!"

"Baba yako alikuwa na redio," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwalimu wa dini, mwenye redio, asiyekosa kipindi hata kimoja. Angekutambua kwa neno la kwanza. Binti yake, kwenye bendi ya wavuta bangi! Na mimi nilikuwa nimeshamtuma mshenga, sahani zangu ziko kwake. Ningekupata wapi tena? Nikamwambia fundi azime. Nilikuzima ili nikupate." Akameza mate. "Leo kijana huyu kaambiwa afanye nilichofanya mimi, kakataa. Sijui niweke wapi uso wangu."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

Mzee Nkhoma alikuwa amevua kofia, kama yuko kanisani.

"Ningesema zima," mama akajibu. "Nilikutaka sana, Bashi Katongo. Ningesema zima hata kabla hujamaliza swali. Ila ningekuwa nimesema mimi."

Baba akainama, akapiga makofi polepole akiwa nusu amepiga magoti, vile tunavyoomba radhi kwetu. Magoti yake yalilia. Mama alimwacha hapo kwa muda, muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akampa mkono wenye unga akamwinua, na shati lililopigwa pasi likapata doa la karanga mgongoni, maana alimkumbatia mbele ya mshenga, jambo ambalo sijawahi kuliona nyumbani kwetu.

"Mzee Nkhoma," baba akasema alipopata pumzi, "mwambie fundi kwenye wimbo huu gitaa langu limepanda mno. Linamziba mke wangu. Alishushe."

"Kiasi gani?"

"Kiasi chochote atakachoona yeye."

Mama alikuwa ameshafika kwenye kabati. Alijifuta mikono kwa khanga, akazichukua sahani zote mbili kama zilivyo, zimefunikana, akaingia nazo chumbani. Nilisikia mlango wa kabati la nguo ukifunguliwa na kufungwa. Baba alinipiga begani mara moja, kwa ngumi, kama mwanamume mwenzake.

Mama aliporudi alisimama katikati ya chumba, akiligeuzia dirisha mgongo kama adabu inavyomtaka.

"Mshenga," akasema, na sauti yake ikapita pazia bila taabu, "mwambie mkwe wangu kwenye jalada la hiyo santuri jina langu liandikwe. Asiandike Bana Katongo. Aandike Agnesi Lombe, mwimbaji."

Mzee Nkhoma akashika kitasa cha mlango. Mimi nilimpita. Sikujali adabu, sikujali mshenga, nilitoka nikikimbia miguu mitupu.

Thoko alikuwa amesimama, ameegemea nguzo ya baraza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa na kalamu. Alikuwa ameshaandika jina kwenye kiganja chake.

"Kato," akasema, "amesema mkwe wangu. Au nimesikia vibaya?"

"Hujasikia," Mzee Nkhoma akasema nyuma yangu, akihema. "Unasikia nikikuambia mimi." Akavuta pumzi, akanyoosha koti, na kwa sauti ile ya nne ya kwaya, iliyofika mpaka nyumba ya tatu, akamwambia: "Mkwe wao, umekubaliwa."